Aliyebaki Kwenye Kundi

Uliiona. Usiniambie hukuiona. Ilikuwa ukurasa wa sita, chini ya tangazo la vidonge vya magoti: mwanamke wa miaka sitini na mmoja, mwosha vyombo, amekamatwa mtaa wa Kwun Tong kwa maneno ya uchochezi. Mistari minne tu. Ukasoma miwili, ukatupa jicho kulia na kushoto kama vile gazeti lenyewe lingekushitaki, ukafungua ukurasa wa mbio za farasi. Nakujua wewe. Nakujua kwa sababu mimi nilifanya kibaya kuliko chako, na nitakisema hapa hapa bila kukipaka rangi. Lakini kwanza utanisikiliza.

Jina lake ni Ngan Sau-lin. Sisi tulimwita Dada Ngan. Alikuwa anaosha bakuli kwenye duka la tambi nyuma ya soko, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Kila Jumamosi akimaliza, ananawa mikono kwa limau isinuke samaki, anakuja darasani kujifunza Kiingereza. Mwanawe alihamia Manchester na mkewe mwaka ule watu walipokuwa wanahama kwa maelfu. Mjukuu, Hoi-yan, ana miaka mitano, na Kikantoni chake, lugha yetu ya nyumbani, kimebaki maneno mawili: "bibi" na "kwaheri". Dada Ngan alikuwa na tiketi ya ndege ya tarehe ishirini na nane Novemba. Alitaka akifika amuulize yule mtoto swali, na alielewe jibu. Hakuwa anataka kingine duniani.

Darasa lilikuwa ghorofa ya tisa ya jengo la viwanda, katikati ya mchapa mabango na stoo ya viatu. Tulikuwa wanafunzi kumi na wawili, watu wazima wote. Kulikuwa na Bwana Szeto, karani mstaafu wa serikali, ambaye hata mwavuli wake aliukunja kwa heshima. Kulikuwa na Poon, muuza dhahabu, mdomo haufungiki. Mimi ni Yiu, fundi lifti kwa miaka thelathini na minane. Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na mitatu, mengine nimejisomea kwenye magazeti yaliyofungiwa mboga. Mwalimu wetu, Fok, alikuwa binti wa miaka thelathini na kitu. Aliacha kazi kwenye shule kubwa, hakutuambia kwa nini, na sisi hatukuuliza. Siku hizi hatuulizi.

Mwalimu Fok alikuwa na utaratibu wake. Kila Jumamosi mada moja, na kadi ndani ya bati la biskuti. Ukitoa kadi ya kijani, unatetea. Ukitoa nyeupe, unapinga. Roho yako ikitaka nini, hiyo haina kazi pale.

"Hapa hatusemi tunachoamini," alikuwa anatuambia. "Tunasema kadi inachotaka. Ulimi ndio ulio mazoezini, si moyo."

Ukisimama kuongea, unajirekodi kwa simu yako mwenyewe. Ukikaa, unatuma rekodi kwenye kundi letu la simu, na jioni Mwalimu anakurudishia masahihisho kwa sauti. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya nyumbani. Nakuomba uishike hiyo habari ya kadi na habari ya kundi, maana ndizo zilizomfunga.

Jumamosi ile Mwalimu aliandika ubaoni: siasa na michezo ya kimataifa.

Bwana Szeto akanyoosha mkono nusu. "Mwalimu, mada hii ina ulazima? Si tuzungumzie hali ya hewa tu?"

"Hali ya hewa nayo ina upande, Bwana Szeto," Poon akadakia. "Siku hizi upepo wote unatoka kaskazini."

Kaskazini ndiko wanakokaa wakubwa wetu. Tulicheka, kisha kila mtu akaangalia nani mwingine amecheka.

Kilichotushtua si mada. Ni kwamba mwezi mmoja nyuma, hapa mjini, vijana wawili walikamatwa uwanjani kwa kugeuka mgongo wimbo wa taifa ulipopigwa kabla ya mechi. Hakuna aliyelitaja hilo. Mwalimu alilijua, ndiyo maana alikuwa ametafuta swali la mbali na la zamani, mbali kadiri ya ramani inavyoruhusu: mwaka 1976 nchi nyingi za Afrika zilikataa kushiriki Olimpiki ya Montreal, kwa sababu New Zealand walikuwa wamepeleka timu yao ya ragbi kucheza Afrika Kusini ya wabaguzi, na bado wakaruhusiwa kushiriki. Je, walifanya vizuri?

"Watanzania walibaki nyumbani," Mwalimu alisema. "Mkimbiaji wao alikuwa na rekodi ya dunia ya mita elfu moja na mia tano. Hakukimbia."

Nilikumbuka. Nilikuwa na miaka kumi na minne, redio ikiwa juu ya rafu kwenye kibanda cha baba cha kushona viatu, na baba akasema: ama watu hao ni wajinga kabisa, ama wana kitu ambacho sisi hatuna.

Poon alipata kadi nyeupe. Alipinga kwa mbwembwe: mtu amekimbia kila alfajiri miaka minne, mapafu yametoka nje, halafu mkubwa mmoja mwenye tumbo anamwambia fungasha. "Huyo mkubwa akimbie yeye basi!" Tukapiga makofi.

Dada Ngan alichomoa ya kijani.

Alisimama, akaweka simu mezani, akabonyeza. Nilikuwa nimemsikia akiongea miezi minane. Kila sentensi alikuwa anakwama, anaomba radhi, anarudi nyuma kama mtu anayepanda ngazi na mzigo. Siku hiyo hakukwama.

"Watu wale walitaka kukimbia," alisema kwa Kiingereza chake cha maneno mafupi. "Miguu yao ilikuwa tayari. Wengine walikuwa wameshafika. Lakini waliwaona wenzao hawaruhusiwi kuingia uwanjani kwa sababu ya rangi. Wakasema, basi na sisi hatukimbii. Hawakumpiga mtu. Hawakuvunja kiti. Walifunga mabegi, wakarudi nyumbani. Nadhani hilo ni gumu kuliko kukimbia."

Angekaa hapo. Dunia ingeendelea. Lakini alikuwa ameshika kasi, na mtu akishika kasi kwenye lugha ngeni mara ya kwanza maishani, hataki kushuka.

"Na hapa kwetu pia," alisema. "Wale vijana wa uwanjani. Na wao hawakumpiga mtu. Waligeuka tu."

Akakaa.

Nilisikia kiyoyozi. Nilisikia mashine ya mchapa mabango ng'ambo ya ukuta. Mwalimu Fok alichukua kifutio akaanza kufuta sehemu ya ubao ambayo haikuwa na kitu.

"Asante, Dada Ngan. Sasa tuangalie... vitenzi. Tuangalie vitenzi."

"Leo umekula nini, dada?" Poon alijaribu. "Kiingereza kinatiririka tu!" Hakuna aliyecheka.

Ndipo simu zikalia. Mifukoni, mikobani, mezani, zote kwa pamoja. Dada Ngan aliinua uso, unang'aa.

"Nimeshaituma, Mwalimu! Dakika nne na sekunde kumi! Sikusimama hata mara moja!"

"Ifute," alisema Bwana Szeto.

"Nifute? Kwani nimekosea wapi?"

"Hujakosea, dada," Mwalimu Fok alisema. "Ifute tu."

Hakujua jinsi ya kufuta. Poon alimnyang'anya simu akamfutia. Na pale ilipokuwa rekodi pakabaki maandishi madogo yanayosema kwamba ujumbe umefutwa, ambayo kwa macho ya anayetafuta ubaya ni mabaya kuliko ujumbe wenyewe. Na kuna mmoja kati yetu alikuwa ameshaihifadhi. Mpaka leo sijui ni nani. Nimewapitia wote kichwani, mmoja mmoja, na kila mmoja nimemwona akiwa na sababu.

Jumatano jioni ile sauti ilikuwa kwenye ukurasa mmoja wa watu wanaojiita wazalendo, kazi yao kuchongea majirani. Kichwa chake kilisema: "Darasa la uchochezi Kwun Tong." Waliukata ule mwanzo wa Afrika. Walibakiza sekunde tisa.

Nilikuwa nakula wali na soseji, simu kando ya bakuli. Ikawaka. Fok ametoka kwenye kundi. Hapakuwa na neno la kwaheri. Fok ndiye aliyelianzisha. Dakika moja baadaye: Szeto ametoka kwenye kundi. Wakafuatia wanawake wawili wa kiwanda cha nguo, pamoja, kama walioshikana mikono. Poon alituma picha ya nyani aliyeziba masikio, kisha na yeye ametoka. Nilikuwa nazitazama zile sentensi zikipanda moja juu ya nyingine na wali ukinigandia mdomoni.

Mimi nilikuwa wa saba.

Ndiyo, mimi. Niliyesimama kwenye migomo mitatu, niliyewaita wenzangu waoga mbele ya meneja. Kidole gumba kimoja tu. Kisha nikazima simu, nikaitia ndani ya ndoo ya mchele, nikakaa.

Unajua fundi lifti anasikiaje woga? Ninaishi ghorofa ya kumi na saba, na mlango wangu unatazamana na shimo la lifti. Kila ikipanda nasikia kamba zinavyovuta, najua imebeba watu wangapi. Mtu mmoja ina sauti yake, watatu wana yao. Siku zile nilikuwa nasimama nyuma ya mlango tangu saa kumi na moja alfajiri, maana polisi huja alfajiri, nikihesabu. Kumi na nne. Kumi na tano. Kumi na sita. Ikisimama chini yangu, namshukuru Mungu nisiyemwamini kwamba ni jirani. Fikiria hilo. Nilikuwa nashukuru kwamba ni jirani.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda darasani kama mtu anayepita njia. Kufuli. Mchapa mabango alinong'ona bila kuinua kichwa kwamba wamekuja watu wa ukaguzi wa moto mara mbili wiki ile, wakapima upana wa mlango, wakaondoka. Mwalimu hajulikani alipo.

Nikashuka hadi duka la tambi. Dada Ngan alikuwa uani kwenye karai, mvuke umemzunguka.

"Fundi Yiu! Mbona mmeninyamazia? Natuma kazi kila siku, Mwalimu hasahihishi."

"Unatuma wapi?"

"Kwenye kundi, wapi tena? Jana nimesema habari za kununua samaki. Juzi habari za mvua. Leo nataka kusema habari za ndege, maneno ya uwanja wa ndege, lango, mkanda, begi."

"Dada, lete simu."

Alifuta mikono kwenye aproni, akaitoa. Nikafungua kundi. Rekodi tatu, zote zake. Hakuna aliyezisikiliza, kwa sababu hapakuwa na mtu. Nikafungua orodha ya wanachama. Jina moja. Na pembeni ya jina, neno moja: msimamizi.

Nikakaa juu ya gunia la vitunguu.

Elewa hili, kwa maana ni jambo dogo la kipuuzi na ndilo lililommaliza. Aliyeanzisha kundi akitoka, simu haiwezi kuliacha kundi bila mwenyewe. Inachagua mwingine. Huyo akitoka, inachagua mwingine tena. Tulipokimbia mmoja mmoja, tulikuwa tunamrushia uongozi anayefuata, mpaka ukamwangukia yeye ambaye hakukimbia. Mwosha bakuli ambaye hajui kufuta ujumbe akawa mkuu wa darasa la uchochezi.

"Una nini?" aliuliza. "Umekuwa mweupe kama tofu."

"Badilisha tiketi. Ondoka kesho."

"Tiketi yenyewe ya bei rahisi, haibadilishwi."

"Nunua nyingine, nitachanga."

"Kwa kosa gani, Yiu? Nilitoa kadi ya kijani. Watu kumi na wawili wameona nikiitoa."

"Unadhani watasema wameona?"

Alichukua bakuli, akalisugua, lilikuwa safi tayari.

"Unanitisha."

"Nataka uogope!"

"Naogopa tangu Jumatano, mpumbavu wewe. Nimevunja bakuli nne wiki hii. Nafanya kazi hapa miaka tisa, sijawahi kuvunja hata kijiko. Mwanangu alipiga, nikamwambia ni baridi ya mikono." Akalitumbukiza bakuli majini. "Ndiyo maana natuma kazi kila siku. Nikisema Kiingereza, moyo unatulia kidogo."

Kisha uso ukamfunguka. Alichukua simu yake kutoka mkononi mwangu.

"Kumbe kama mimi ndiye msimamizi, si naweza kuwarudisha? Mwanangu alinionyesha. Unabonyeza hapa, unachagua jina. Nikikurudisha wewe, tunakuwa wawili. Wakija kuuliza, hatutakuwa... sitakuwa peke yangu."

Kidole chake kilikuwa juu ya jina langu. Niliona jina langu chini ya ukucha wake uliolainishwa na maji.

"Hapana," nilisema. "Usiniweke."

Sema chochote unachotaka kusema kunihusu. Nimekwisha kujisemea. Yeye hakusema. Aliitumbukiza simu mfukoni, akanipakulia bakuli la tambi zenye madonge ya samaki, akakataa nisilipe. Nikala. Nilikula yote.

Walimchukua tarehe ishirini na tano, siku tatu kabla ya ndege, saa kumi na mbili kasoro dakika chache, alfajiri. Jirani yake alinieleza: watu sita, viatu vyao wamevifunika kwa mifuko ya plastiki, wakatoka na simu yake, pasipoti, na daftari la maneno ya Kiingereza. Begi lilikuwa limeshafungwa mlangoni. Wakamuuliza alikuwa anatoroka kwenda wapi.

Mimi niliitwa polisi siku mbili baadaye. Ofisi safi, chai ya moto, kijana mpole mwenye miwani anayeniita Mzee Yiu. Hilo la upole ndilo la kuogopa. Alinisogezea karatasi.

"Soma mwenyewe, mzee, taratibu tu."

Fok ametoka. Szeto ametoka. Poon ametoka. Yiu ametoka. Mpaka mwisho wa ukurasa.

"Amebaki nani?"

"Bi Ngan."

"Na pembeni ya jina lake pameandikwa nini?"

"Msimamizi. Lakini simu inachagua yenyewe. Watu wote wakitoka..."

"Mmh." Akaandika. "Na kwa nini mlitoka?"

Nikainua kikombe cha chai.

"Maana naona ni ndani ya dakika chache, mzee, kumi na wawili wote isipokuwa yeye. Mlitoka kwa sababu mlijua maneno yale ni uhalifu?"

Nikaona mtego wote, kama unavyoona lifti imesimama katikati ya ghorofa mbili. Nikisema ndiyo, nimekiri kwamba ni uhalifu, nimemfunga. Nikisema hapana, basi tulikimbia nini? Nikisema ukweli, kwamba tulikuwa tunawakimbia ninyi, wewe, miwani yako, chai yako, nalala humu humu.

"Na hiyo habari ya kadi?" alisema. "Bi Ngan anadai alitoa kadi. Wewe ulimwona?"

Nilimwona. Ya kijani, pembe moja imekunjika.

Kijana alisubiri. Kisha, kwa huruma kabisa, akasema: "Au tuandike tu kwamba mzee hakumbuki?"

Akanisogezea kalamu.

Nakumbuka jina la kila meneja aliyetudhulumu tangu mwaka 1983. Nakumbuka baba alivyosema habari za Montreal na gundi ya viatu ilivyonuka. Nikaandika kwa mkono wangu: sikumbuki. Nikatia sahihi. Akanisindikiza hadi kwenye lifti, akanibonyezea kitufe.

Basi haya uliyoyasoma ndiyo niliyokumbuka, na leo asubuhi nimeyapeleka kwa mwanasheria wake yakiwa na sahihi mpya. Nimeandika kwamba nilidanganya. Nimeandika habari ya kadi, habari ya kundi, na kwamba alitaka kunirudisha nikakataa. Mwanasheria alisoma, akavua miwani. Anajua watakuja kwangu. Najua pia, nikimaliza hapa nitasimama tena nyuma ya mlango.

Poon hapokei simu. Szeto alinifungulia mlango kadiri ya mnyororo, akasema kupitia upenyo, "Yiu, nina pensheni," akafunga. Mwalimu Fok hatujampata.

Tarehe tisa Desemba hakimu anasikiliza ombi la dhamana. Mwanasheria anasema hakimu huuliza kama mshitakiwa ana watu, kama kuna mtu anayemjua, anayemngoja, anayetazama. Hujibiwa kwa barua, zinawekwa mbele yake kwenye jalada. Jalada la Dada Ngan lina barua mbili: yangu, na mchoro wa mtoto wa miaka mitano.

Sikuulizi kama unamjua. Sasa unamjua. Sikuulizi kama unaogopa. Yeye anaogopa kuliko wewe, na hakutoka. Chukua karatasi. Andika jina lako kamili, siyo herufi za kwanza, andika kwamba umesoma habari ya Ngan Sau-lin na unangoja kuona hakimu atafanya nini. Mistari minne inatosha. Mpe huyu aliyekukabidhi maneno haya. Anajua mlango wa mwanasheria. Usingoje kumaliza chai. Usingoje mwenzako aanze. Andika sasa.